Barua ya wazi: Mheshimiwa, meli mpya inalala Goma kwa sababu ya ubao wetu

Bukavu, 14 Novemba 2024

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya usafiri wa Ziwa Kivu katika mkoa wetu wa Kivu Kusini, Kongo,

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili cheo chako. Jina lako silitaji. Wewe unajijua na sisi tunakujua, maana picha yako ilibandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha soko, na wakati wa kampeni wewe mwenyewe ulitushika mikono, hata mimi niliyekuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

Mimi ni mama muuza unga wa muhogo. Tangu vita vifunge barabara ya Minova na Sake, napanda boti kwenda Goma mara mbili kwa wiki, napeleka unga, narudi na maharage. Nilikuwa nimeapa kutokuandikia. Wamama wenzangu wanasema kumwandikia mkubwa ni kama kupiga kelele ndani ya mtungi, sauti inakurudia wewe mwenyewe. Lakini ya Jumamosi iliyopita imenishinda.

Unaufahamu ule ubao wa kupandia boti? Labda huufahamu, kwa sababu wewe ulipokuja walikuwekea ngazi yenye zulia. Ubao wetu ni mbao mbili zilizounganishwa kwa mpira wa tairi, umelalia ukuta upande mmoja na boti upande mwingine, na katikati unazama kidogo kila mtu anapokanyaga. Jumamosi jioni mvua ilikuwa imenyesha. Kijana aliyebeba mfuko wangu wa pili aliteleza. Yeye alidaka kamba, Mungu ni mwema. Mfuko ukaenda majini, ukapasuka kwenye chuma cha ukuta, na maji yote pale yakawa meupe kama mtu kamwaga maziwa. Watoto wa bandarini wakapiga makofi. Dola 30, Mheshimiwa, na hazikuwa zangu, zilikuwa za likirimba, mchango wetu wamama wa kupokezana zamu kwa zamu, na zamu iliyofuata ilikuwa ya mama mjane mwenye mtoto hospitalini.

Tukaondoka saa tatu usiku badala ya saa moja, kwa sababu mbele yetu palikuwa na boti ya saruji na nafasi ya kufunga kamba ni moja tu. Baada ya kupita kisiwa cha Idjwi injini ikazima mara mbili. Tulipofika Goma asubuhi, macho mekundu, nikaiona. Ile meli mpya nyeupe. Imefungwa vizuri, taa zote zinawaka mchana kweupe, vijana wanapangusa vioo. Hiyo ndiyo uliyotuahidi wewe.

Usiseme hukuahidi. Ulisimama pale bandarini mwaka jana, mwezi wa pili, umevaa jile la kujiokolea majini, la rangi ya chungwa, juu ya koti lako, ukasema meli mpya italala Bukavu na gati mpya itakuwa tayari kabla ya Noeli. Hukusema Noeli ya mwaka gani. Kosa ni letu, hatukuuliza.

Na wiki iliyopita ulipoulizwa redioni, ukajibu kwamba mwenye meli ni mfanyabiashara, anakipeleka chombo chake anakotaka, na serikali haiwezi kumshika mkono. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu.

Mtoto wa dada yangu yuko Houston, kule Texas, alifika huko na karatasi za ukimbizi. Anapakia masanduku ya wasafiri katika bandari ya Galveston, kwenye zile meli za kitalii zenye mabwawa ya kuogelea ghorofani. Nilipomsomea maneno yako kwenye simu alicheka mpaka mtandao ukakatika. Alipopiga tena akaniambia: «Mama mkubwa, hata huku mwenye meli ndiye anayechagua. Lakini kwanza anaitazama bandari, ndipo anachagua.»

Akanieleza muda mrefu, vifurushi viwili vya intaneti vikaisha. Meli mpya ndiyo inayouza tiketi ghali kuliko zote, na imejengwa kwa deni, kwa hiyo kampuni haiendi kuilaza mahali pa kubahatisha. Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean ilipoanza kazi Januari mwaka huu ilikuwa meli kubwa kuliko zote za kitalii duniani, ikijaa inabeba abiria zaidi ya 7,000. Wakaipeleka Miami, kule Florida. Pale kuna uwanja mkubwa wa ndege, kuna gati ndefu, na Bahamas ni safari ya usiku mmoja, ambako kampuni ina kisiwa chake yenyewe, kwamba hata mgeni akishuka pesa yake inabaki kwao. Mwezi wa saba ikafuata Utopia of the Seas, nayo ikalazwa Port Canaveral, huko huko Florida. Zile zinazozeeka ndizo husogezwa pembeni, kwenye bandari za kungojea makombo.

Galveston nayo ilikuwa ya makombo. Sasa sikiliza, Mheshimiwa, hapa ndipo nilipokaa kitako. Kampuni hiyo hiyo ya Royal Caribbean ilielewana na wenye bandari, likajengwa jengo jipya la abiria kwa dola milioni 125, likafunguliwa Novemba 2022. Mwezi huo huo Allure of the Seas ikaja kulala pale. Haikuwa mpya, ilikuwa ya mwaka 2010, lakini kwa ukubwa haikuwa na mwenzake pale. Desemba 2023, kampuni nyingine, Carnival, ikaleta Carnival Jubilee, mpya kabisa, moja kwa moja kutoka kwa waundaji wake Ujerumani. Nikamuuliza kijana, kwa nini pale? Akasema: jengo lipo, gati ipo, na watu wa Houston, Dallas na San Antonio wanafika kwa gari bila kununua tiketi ya ndege.

Basi sisi hatuna watu? Walungu, Kabare, Mwenga, mpaka Kamituga, wote wanateremkia Bukavu. Wa Uvira pia wanakuja, hata kama mteremko wa Ngomo unawavunja mgongo. Nenda Jumanne asubuhi uhesabu vichwa. Watu tunao mpaka wanakanyagana.

Akanipa mfano mwingine, wa Tampa, nao uko Florida. Mji mkubwa, uwanja wa ndege upo, wasafiri wapo. Lakini zile meli kubwa mpya haziendi, kwa sababu ili uingie lazima upite chini ya daraja la Sunshine Skyway, na chini yake kuna nafasi ya kama mita 55 tu. Meli yenye kimo kuzidi hapo itaacha kichwa chake darajani. Daraja lile lilijengwa zamani, hakuna aliyefikiria meli zitakuja kurefuka kwenda juu hivi. Wao angalau wana kisingizio cha chuma na zege. Kinachotuzuia sisi ni ubao.

Na mafuta. Hiyo Jubilee inatumia gesi, methani iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, na meli ya namna hiyo hailazwi mahali pasipo na wa kuijaza. Nilinyamaza kwenye simu. Methani si ndiyo imejaa chini ya ziwa letu hili hili? Jirani zetu Warwanda, upande wa Kibuye, wanaivuta na kuwashia umeme, mtambo wao wa KivuWatt peke yake unatoa megawati 26. Sisi mazutu, dizeli ya boti, inafika bandarini kwa bidoni, yale madumu, vichwani mwa vijana, na mmoja wao anavuta sigara. Sikuombi meli ya gesi, Mheshimiwa, usiogope. Nilitaka tu ujue kwamba niliona aibu.

Sasa, sokoni kila mtu ana sababu yake kwa nini meli ilikimbilia Goma. Wengine wanasema ni trakaseri, usumbufu wa maofisa: risiti tano kabla ya kufungua kamba, na malipo ya sita hayana risiti. Wengine wanasema kuna wakubwa wenye hisa kwenye maboti ya zamani na hawataki ushindani. Mimi nadhani yote mawili yamo, ila siku ile Goma nilifanya ambalo wewe hukufanya. Nilimfuata mmoja wa mabaharia wa ile meli, nikampa mandazi mawili, nikamuuliza. Akanijibu bila kuzunguka: «Mama, tajiri wetu alikuja kwenu mara mbili kutazama. Akasema nikiiegesha pale, ule ukuta wenye vyuma utaukwangua ubavu wa meli kabla sijamaliza deni la benki.»

Ndiyo jibu lote hilo, kwa bei ya mandazi mawili.

Kwa hiyo usituambie tena kwamba mwenye meli anachagua. Anachagua, ndiyo, ila ukuta wenye vyuma ni wako. Nafasi moja ya kufunga kamba ni yako. Taa iliyoungua tangu Pasaka ni yako. Yeye alikuja akaona, akaondoka. Sisi ndio hatuwezi kuondoka.

Na usifikiri nalilia vioo na viti laini. Tarehe 3 Oktoba, leo ni wiki sita tu, boti iliyotoka Minova ilizama Goma, mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiwa nchi kavu wanaangalia. Ilijaza kupita kiasi, kwa sababu barabara imefungwa na watu hawana njia nyingine. Nilikuwa na jirani yangu wa kibanda mle. Kibanda chake bado kina kufuli, hakuna aliye na moyo wa kuivunja. Mwaka 2019, baada ya ajali nyingine katika ziwa hili hili, ilitangazwa kila abiria avae jile. Jumamosi tulipewa majile, ndiyo. Langu lilikuwa na tundu, na mwenye boti akayakusanya tulipopita wakaguzi.

Boti yetu ni nzee kuliko binti yangu wa kwanza, naye ana watoto wawili. Kila siku ile mpya inapolala Goma, sisi tunalala kwenye hii.

Nilitaka kukuandikia madai mengi. Gati, taa, choo cha wanawake, paa la kungojea mvua ipite, kodi zikusanywe kwenye dirisha moja. Nimeyafuta. Najua ukiona orodha utaunda tume, na tume itakula posho. Nabakiza moja: jenga gati. Mita chache za zege lisilo na vyuma vinavyochomoza, na matairi pembeni ya kuzuia ubavu wa meli. Gati, Mheshimiwa. Gati tu.

Na kama gati ni kubwa mno kwa mwaka huu, kwa sababu ya vita, kwa sababu ya bajeti, kwa sababu ya sababu, basi tupe ubao. Fundi wa Kadutu tumeshamuuliza. Mita sita, upana wa kupishana watu wawili, vipande vya mbao vya kupigilia msumari kuzuia utelezi na kamba ya kushika pande zote mbili. Anataka dola 110. Sisi wamama tumechanga 47, daftari la majina ninalo mimi.

Jumanne nasafiri tena, nina mifuko minne.

Ni mimi,
Mama Noella, muuza unga, soko la Kadutu