Mshipa unaovuja uwekwe ndani ya hesabu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuzuia damu isitoke mwilini kwa ultrasaundi, yaani sauti ya juu mno isiyosikika kwa sikio, imenifurahisha, ila dai moja siwezi kuliacha lipite: kwamba kompyuta imekwisha kuthibitisha kuwa njia hii inafaa. Kompyuta hukokotoa kile ilichopewa. Katika fani hii, mara nyingi haipewi jambo lenyewe linalomuua majeruhi, yaani damu inayotoka.

Wazo lenyewe nalitetea kwa moyo wote. Chombo kinachowekwa juu ya ngozi huyakusanya mawimbi ya sauti mahali pamoja ndani ya mwili, kama lenzi inavyokusanya mwanga wa jua. Kwa masafa ya megahezi 1, yaani mitetemo milioni moja kwa sekunde, urefu wa wimbi katika nyama laini ni karibu milimita 1.5, kwa hiyo joto kali huweza kubanwa ndani ya eneo la milimita chache, na tishu za njiani zikasalimika. Protini huiva, ukuta wa mshipa hunywea, tundu huziba. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akiwemo Shahram Vaezy na Lawrence Crum, wameonyesha hayo kwa maini na mishipa ya wanyama. Mtu aliyepasuka ini au wengu mbali na chumba cha upasuaji anakihitaji kifaa cha namna hii.

Tatizo liko kwenye hesabu. Modeli nyingi za kompyuta hukokotoa sauti kwa mlinganyo uitwao KZK, unaoeleza jinsi mawimbi ya sauti yenye nguvu yanavyosafiri, kisha joto la tishu linaachiwa mlinganyo wa Pennes wa mwaka 1948, uliotokana na vipimo vya joto la mkono wa mtu aliyetulia. Kwa Pennes, damu ni kipozo kilichosambaa kote. Haina mwelekeo wala mshipa inamopita. Penye vimishipa vidogo hesabu hiyo inatosha. Kando ya mshipa mkubwa haitoshi hata kidogo, maana damu inayopita kwa kasi huondoka na joto, na ukuta tunaotaka kuuziba ndio unaobaki na joto dogo kuliko nyama iliyouzunguka. Isitoshe, damu hunyonya sauti kidogo kuliko ini. Ikijikusanya nje ya mshipa, huyapitisha mawimbi hadi kwenye tishu ya nyuma ambayo hakuna aliyekusudia kuigusa.

Wapo watakaosema tofauti ya nyuzi mbili tatu si kitu. Ni kitu kikubwa! Kwa kipimo cha dozi ya joto cha watafiti Sapareto na Dewey cha mwaka 1984, kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 43 hupunguza kwa nusu muda unaohitajika kuiua tishu kwa joto. Tukishika kiwango kinachotumika sana, dakika 240 kwenye nyuzi 43, basi kwenye nyuzi 56 zinatosha sekunde zisizofika 2, na kwenye nyuzi 54 zinahitajika sekunde 7 hivi. Modeli iliyokosea nyuzi mbili imekosea muda mara nne, na katika muda huo mshipa bado uko wazi.

Jambo hili halijapuuzwa na wote. Mwaka 2000 Francesco Curra na wenzake waliingiza mshipa wa damu katika hesabu zao za ini, na leo zipo programu za bure, kama k-Wave, zinazokokotoa sauti ndani ya tishu za aina mbalimbali. Lakini mshipa mzima si sawa na mshipa uliotoboka. Kwenye tundu damu huruka, shinikizo hushuka kadiri majeruhi anavyopoteza damu, na nguvu ya sauti yenyewe huisukuma damu hiyo. Hayo yote yana milinganyo yake. Kinachohitajika ni muda wa kompyuta na nia ya kuyaunganisha.

Kwa hiyo naomba, mtakapoandika tena kuhusu utafiti wa aina hii, muwaulize wenyewe: mshipa ulikuwa na kipenyo gani, damu ilikuwa ikienda kwa kasi gani, na je, ulikuwa umetoboka?

Mhandisi wa vifaa tiba