Mzee mwenye ndevu katika picha ya Selma atajwe jina

Mhariri,

Magazeti yanapomkumbuka Martin Luther King, aghalabu huchapisha picha ya maandamano ya kudai haki ya kupiga kura kwa Wamarekani weusi, yaliyoanzia Selma, Alabama, tarehe 21 Machi 1965. Katika safu ya mbele yumo mzee mwenye ndevu nyeupe, amevishwa shada la maua kama wenzake, lakini maelezo ya picha humwacha bila jina. Naomba atajwe, kwani ni Abraham Joshua Heschel, rabi, yaani mwalimu wa dini ya Kiyahudi.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1907 katika ukoo uliotoa viongozi wa Wayahudi wa Kihasidi, kundi la wacha Mungu wanaofuata marabi wa koo maalumu, kizazi baada ya kizazi, na hata jina lake alirithishwa kutoka kwa rabi mashuhuri wa mji wa Apt, Poland, mmoja wa wahenga wake. Baba yake alipofariki mwaka 1916, wengi walitarajia kwamba mtoto huyo angekuja kukalia kiti cha wazee wake. Yeye alikwenda Vilna kusoma elimu ya kisasa, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Berlin, ambako tasnifu yake ilihusu manabii. Sikubaliani na wanaoona kwamba kwa kufanya hivyo aliutupa urithi wa ukoo, kwa sababu aliendelea kuishika Sabato na sheria, na manabii aliochagua kuwachunguza ni wale wale waliowakemea wafalme kwa kuwadhulumu maskini.

Oktoba 1938 polisi wa Kinazi walimkamata Frankfurt na kumfukuza hadi Poland. Aliondoka Warsaw kwenda London wiki chache tu kabla ya uvamizi wa Septemba 1939, akafika Marekani mwaka 1940, huku mama yake na dada zake watatu wakipoteza maisha katika balaa hilo la vita na mauaji ya Wayahudi. Mtu aliyepatwa na msiba wa namna hiyo, tena aliyekuwa na kazi ya kufundisha New York, asingelaumiwa na yeyote kama angejifungia na vitabu vyake.

Lakini Januari 1963, katika mkutano wa Chicago kuhusu dini na ubaguzi wa rangi, alikutana na King, wakawa marafiki. Baada ya kutembea Selma alisema alihisi miguu yake inasali. King alikuwa amealikwa kula Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka 1968 nyumbani kwa Heschel, akauawa tarehe 4 Aprili, siku chache kabla ya sikukuu.

Heschel alipinga pia vita vya Vietnam, ingawa wapo Wayahudi wenzake waliotaka anyamaze. Desemba 1972, moyo wake ukiwa umeshadhoofika, alisafiri katika baridi hadi gereza la Danbury, Connecticut, kumlaki padri Philip Berrigan, aliyekuwa amefungwa kwa kuvipinga vita hivyo, na siku chache baadaye akafariki.

Msomaji wako,
Morogoro