Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: hela ya mikeka ya kubeti ionekane kwenye bima ya wasio na uwezo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ilisema kutakuwa na mfuko wa kuwalipia watu wasio na uwezo, na kwenye vyanzo vyake ikataja kodi ya michezo ya kubahatisha, pamoja na ushuru wa soda, pombe na vipodozi. Nilifurahi sana niliposikia hilo. Maana huku mtaani hela ya kubeti inatoka kwa watu wa hali ya chini kabisa, dogo wa bodaboda anatoa jero, muuza mitumba anatoa buku, mashine za kamari, yaani dubwi, zipo mpaka nje ya duka la Mangi, mkeka ukichanika basi imeenda hiyo. Sasa kama serikali ina fungu lake pale, angalau limfikie mama yake huyo dogo siku akilazwa.

Ila hatulioni likifika, Mheshimiwa. Watu bado wanatumwa ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha wa matibabu, wanarudishwa kwa mtendaji kutafuta barua, huku mgonjwa yupo kitandani na dawa haijanunuliwa, na mwingine anaona aibu kabisa anaamua kumrudisha mgonjwa wake nyumbani. Hili linaniuma jamani.

Ninachoomba ni hiki, kila baada ya miezi mitatu Wizara itangaze kodi ya michezo ya kubahatisha imeingia shilingi ngapi, ngapi zimepelekwa kwenye mfuko wa bima, na kaya ngapi zimelipiwa, wilaya kwa wilaya. Majina ya watu yasitajwe, namba zinatosha, zibandikwe hadi ofisi ya serikali ya mtaa. Uingereza wana bahati nasibu ya taifa tangu 1994 na mwananchi anaweza kutafuta mwenyewe mtandaoni aone hela imeenda kwenye mradi gani, kwa hiyo inawezekana. Na ile asilimia 5 ya kodi ya kubeti iliyotengwa 2021 kwa ajili ya Mfuko wa Maendeleo ya Michezo nayo itolewe hesabu hivyo hivyo.

Halafu kuna kitu kinanitia wasiwasi zaidi. Hela hii isije ikaingia huku bajeti ya kawaida ya afya inapunguzwa kwa kiasi kilekile, hapo maskini atakuwa hajaongezewa kitu. Wala isiwe sababu ya kufumbia macho mashine wanazochezea watoto wa shule, sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 na kila mtu anawaona. Mapato yakishuka kwa sababu watoto wameondolewa pale, mimi naona sawa tu, serikali itafute sehemu nyingine.

Hotuba ya bajeti inasomwa Juni pale Dodoma. Naomba jedwali la hizo namba liwemo, na wabunge wetu wapewe nafasi ya kulihoji kabla hawajapitisha.