Umsomee Shaabani

Silver Spring, Maryland

Dada Zuhura,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inakaza. Hela ya mabati nimetuma jana usiku nilipotoka kazini. Iko kwenye simu yako wala si ya Shaabani, na sababu unaijua.

Ile sauti aliyotuma kwenye grupu nimeisikiliza mara tatu. Eti paa la mama linavuja na mimi Marekani nanunua midoli. Mbele ya shemeji zake! Haya, nikwambie huo mdoli ni nini, halafu umsomee.

Inaitwa Magnavox Odyssey, ya mwaka 1972, mashine ya kwanza ya gemu kuuzwa kwa watu wakachezee nyumbani kwenye tivii. Niliikuta kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza makorokoro yake nje ya gereji, mbovu, nikaitengeneza mwenyewe. Nikatafuta na tivii ya chogo, maana flati yangu haikutaka hata kuiona. Unaweka betri sita zile nene, unawasha: sauti hakuna, rangi hakuna. Ni mstari mmoja na vidoa vyeupe. Uwanja wenyewe ni plastiki nyembamba yenye picha, unaibandika juu ya kioo, inajishikilia kwa ule umeme unaosimamisha vinyweleo vya mkono. Magoli mnahesabu wenyewe, na ugomvi wa magoli upo pale pale. Ndani hakuna kompyuta, transista na dayodi tu, vitu ambavyo fundi redio yeyote wa Ngamiani anavijua. Nilipouona mpira ule wa mraba unavuka kioo saa nane usiku, wallahi nilipiga kelele peke yangu.

Aliyeibuni ni Ralph Baer, Myahudi wa Ujerumani, familia yao ilikimbilia New York mwaka 1938 yeye bado kijana. Alianzia kibarua kiwandani, akajifunza ufundi redio kwa masomo ya posta. Hapo nilitulia kidogo, dada. Karakana yake nzima wameihamishia makumbusho ya Smithsonian, Washington, na nyaya zake na bisibisi zake. Nimekwenda mara mbili. Kiingilio bure, mwambie Shaabani, maana atauliza.

Na zile kaseti za gemu tulizokuwa tunazipuliza kama jiko la mkaa? Mashine ya kwanza kubadilishwa kaseti zenye gemu ndani yake ni Channel F ya mwaka 1976, na aliyeiongoza kazi hiyo pale kampuni ya Fairchild ni mtu mweusi, Jerry Lawson, mzaliwa wa Brooklyn. Hili nimewasimulia wenzangu wote kazini mpaka wamenichoka.

Sasa nifike ninapotaka. Nyuma ya tivii hii kuna kijisanduku cha swichi, upande huu antena, upande huu gemu. Nilipokuwa nakifunga, mkono ukakumbuka tivii ya baba. Ile Idd pili waya wa gemu ulipita katikati ya sebule, na aliyerudi mbio kutoka msikitini na kujikwaa ni Shaabani. Tundu la antena likang'oka likabaki linaning'inia kama jino la mtoto. Mimi nilikuwa uani namchotea bibi maji. Fimbo nikala mimi, na miaka yote hii kila harusi hadithi ni kwamba mimi ndiye niliyeua tivii ya mzee. Na wewe ulikuwa mlangoni na sahani ya kaimati. Uliona. Mbona hujawahi kusema?

Sikulaumu. Lakini baba ameondoka akiamini ni mimi.

Bei ya mashine usiniulize, ila haifiki hata nusu ya bando moja la mabati. Mafundi wasianze kabla Mjomba Rashidi hajakagua mbao. Na ukipata nafasi fungua sanduku la mama, chini ya kanga za zamani: ile kaseti ya manjano kama ipo, mpe mtoto wa Mwanahawa aniletee Desemba. Asiipulize.

Nduguyo,
Salimu