Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: makato ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) na pesa zetu za uzeeni

Wanachama wenzangu, hamjambo nyote, wa Free Area, wa Lanet, wa Section 58 hapa Nakuru, na nyinyi mliohamia Molo na Naivasha kikazi na bado mnatuma mchango kila mwezi bila kusukumwa. Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Waliofiwa tumesimama nao, mikopo midogo imelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na hesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe. Mimi nafasi yangu nataka kuitumia kwa kitu kimoja mmeniuliza mwaka mzima, njiani, sokoni, hata nje ya kanisa: hizi pesa za NSSF tunakatwa kwa sheria gani na zinaenda wapi.

Wengi wenu mnakumbuka ile shilingi 200 yako na 200 ya mwajiri kila mwezi. Ni sheria ya NSSF ya 2013 ndio ilibadilisha hio mambo ikasema asilimia 6 ya mshahara itoke kwako na 6 itoke kwa mwajiri, lakini ikakaa kortini miaka na miaka mpaka Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikairuhusu, na mwezi huo huo makato mapya yakaanza. Alafu Februari 2024 Mahakama ya Juu ikaondoa huo uamuzi wa Rufaa, ikarudisha kesi huko huko isikizwe kwa hoja zake. Hapo ndio watu walianza kusambaziana kwa simu kwamba NSSF imesimamishwa, na hio haikuwa kweli, makato yaliendelea, kwa hivyo kama kuna bosi alikuambia ameacha kulipa kwa sababu ya korti, rudi umuulize tena.

Sasa kuhusu uoga wa kwamba kila Februari tunaongezewa. Nimekaa na hizo hesabu na nataka kila mtu aelewe. Kinachopanda kila Februari ni kile kiwango cha juu cha mshahara unaohesabiwa: mwaka wa kwanza kilikuwa 18,000, mwaka wa pili 36,000, mwaka huu 72,000, na ratiba ya Februari 2026 ni 108,000. Ukiwa unalipwa 20,000, mwaka jana ulikatwa 1,200, mwaka huu 1,200, na Februari ikifika ni 1,200 hio hio, kwa sababu asilimia 6 ya mshahara wako wote ilishachukuliwa tayari. Wa 50,000 ndio aliongezewa mwaka huu, kutoka 2,160 hadi 3,000, na naye Februari haongezewi kitu. Watakaosikia uchungu ni wa zaidi ya 72,000. Najua karatasi ya mshahara imekonda, kuna SHIF, ile ya bima ya afya, ya asilimia 2.75, kuna ya nyumba ya asilimia 1.5, lakini hizo mbili hazirudi kwako uzeeni, hii ya NSSF inarudi, na inarudi pamoja na ile mwajiri ameongeza. Ndio maana siwezi kuungana na wanaosema tuombe ifutwe.

Kinachonisumbua mimi ni pesa iliyokatwa ikakosa kufika. Ukikatwa 1,200, kwa akaunti yako lazima iingie 2,400, na mwajiri anatakiwa awe amelipa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwaka huu kuna wanachama wetu wa sehemu moja ya kazi hapa mjini waliangalia taarifa zao za NSSF wakapata miezi mitupu, na karatasi za mshahara zinaonyesha walikatwa kila mwezi. Walienda NSSF wakiwa pamoja, kila mtu na karatasi zake, wakaandikisha malalamiko, na malipo yameanza kuingia ingawa miezi ya nyuma bado. Aliyekuwa ametupa karatasi zake ndiye amepata shida zaidi kueleza. Tafadhali wekeni hizo karatasi, hata za kazi mlizoacha.

Kuna wengine mko na mfuko wa pensheni wa kazini ulio chini ya RBA, ile mamlaka inayosimamia mifuko ya kustaafu. Sheria inagawanya mchango sehemu mbili: ile ya 8,000 ya kwanza ya mshahara kwa mwaka huu wa 2025, yaani 480 yako na 480 ya mwajiri, lazima iende NSSF, lakini inayobaki inaweza kupelekwa kwa mfuko mwingine ulioidhinishwa, mwajiri akiomba. Ulizeni yenu iko wapi, msikubali kujibiwa tu kwamba iko salama. Na tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa pensheni usiotozwa kodi umepanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na anayefika umri wa kustaafu halipi kodi kwa pensheni yake ya mfuko uliosajiliwa. Wazee wetu mnaostaafu mwakani, hilo mlishike.

Jambo la warithi nalisema kwa uzito. Kwa mifuko ya RBA, mwanachama akifariki pesa yake haihesabiwi kama mali ya urithi ya kugawanywa na korti, wadhamini wanalipa kwa kufuata kanuni za mfuko, na kitu cha kwanza wanaangalia ni ile fomu uliyojaza. Wengi tulijaza tukiwa vijana tukaandika mama au kaka. Leo una mke, una watoto, fomu bado inasema kaka, na kaka mwenyewe alishatangulia. Mama watoto ataanza kuzunguka maofisi akiwa na matanga nyumbani. Kubadilisha ni bure, mtu asingoje.

Kwa mama zetu wa soko na vijana wa boda ambao hawana mwajiri, NSSF wana mpango wa akiba unaoitwa Haba Haba, kuanzia shilingi 25 kwa siku, unatuma kwa simu. Ningependa kila mmoja wenu awe ndani kabla ya Pasaka.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: sehemu ndogo ya mfuko wetu itumike kwa nauli ya wanaofuatilia malipo yasiyofika, na kila mwanachama aje na taarifa yake ya NSSF iliyochapishwa mkutano ujao. Asiye na simu ya intaneti amuone katibu, atamsaidia.