Kaka, hiyo grainda irudishie kava

Mambo vipi kaka, za Moro? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, joto tu la Dar ndo linatumaliza.

Picha uliyonitumia nimeiona, hongera sana kwa kufungua karakana, Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Ila nimeikuza ile picha nikaona vitu viwili vikaninyima raha kabisa, kava ya grainda umeitoa, af umefunga disiki ya mbao ile yenye meno. Kaka nakuomba, kabla hujagusa tena hiyo oda ya madirisha, toa hiyo disiki na kava irudishe.

Najua mafundi wengi wanaitoa, wanasema eti inawaziba wasione mstari, wengine wanaitoa ili ifungike disiki kubwa kuliko mashine, na hawa ndo wanaoniogopesha zaidi. Grainda yako ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, soma kwenye kibati chake pale ubavuni. Disiki nayo imeandikwa mwisho wake wa mizunguko kwa dakika, ya inchi 7 nyingi zinaishia 8,500, ya inchi 9 ni 6,600 hivi, sasa ukiipachika kwenye kamashine kadogo unaizungusha kupita kiasi ilichoundiwa, inapasuka mkononi mwako na vipande vinatoka kwa kasi zaidi ya kilomita 200 kwa saa, shingoni, tumboni, popote. Hapo kati yako na hivyo vipande hakuna kitu kingine zaidi ya kava.

Ile ya meno ndo usiseme. Jino likinasa kwenye kifundo cha mbao, au mbao ikibana, mashine nzima inaruka kukufuata kabla hata hujashtuka, na grainda nyingi za aina hii swichi ukishaisukuma inabaki imewaka, kwaiyo hata ikikuponyoka inaendelea kuzunguka. Msumeno wa umeme wa mbao umetengenezwa na kinga inayojifunga yenyewe na swichi inayozima ukiachia kidole, grainda nyingi hazina hayo. Mbao mpelekee mwenye msumeno akukatie, lipa hiyo hela kidogo. Na ule mshikio wa pembeni ufunge, mikono miwili siku zote.

Kingine ambacho watu hawakisemi ni umeme kukatika. Upo katikati ya kukata skwea paipu, TANESCO wanakata, unaiweka mashine mezani unaenda zako kunywa chai, swichi umeiacha imewaka. Umeme ukirudi grainda inaanza kukimbia peke yake mezani, na pengine kijana wako ndo kainamia hapo anapima. Umeme ukikatika zima swichi, chomoa na plagi, ndo uende chai. Kubadili disiki vile vile, chomoa kwanza, usiamini swichi.

Soketi nazo. Naomba nisisikie umechomeka waya mtupu kwa njiti za kiberiti. Kama imekuja na plagi ya pini mbili usiilazimishe kwa kusukumia kalamu kwenye tundu la juu, nunua adapta nzuri au badilisha plagi uweke ya pini tatu yenye fyuzi. Ukiona kwenye kibati kuna alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo mashine imekingwa mara mbili na haihitaji ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, lakini mashine yako ya kuchomelea waya wake wa kijani na njano lazima ufungwe, usimruhusu mtu aukate eti haina kazi. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote, ikibaki imejiviringa inapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Ukipata hela mwite fundi umeme akufungie breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30 yenye kitufe cha kujaribia.

Disiki nyembamba ya kukatia usiisagie kwa ubavu, inavunjika, kusagia kuna disiki yake nene. Pale kwenye kapete ka chuma katikati pana mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumia, soma, maana kuna wauzaji wanauza zilizopitwa na wakati. Ikidondoka chini ikapata ufa tupa tu kaka, bei yake haifiki hata nauli ya kwenda hospitali. Na lile dumu la tina ya kuchanganyia rangi nililoliona nyuma yako lihamishe, cheche zinafika mbali kuliko unavyodhani.

Wiki ijayo nashuka Kariakoo, ntakuchukulia miwani miwili, mmoja wako mmoja wa kijana, pamoja na ngao ya uso. Ntaweka kwenye basi la asubuhi, nauli ya mzigo nalipia huku huku, we nenda tu ukapokee Msamvu.

Msalimie shemeji sana.