Maprofesa wa vifaa tiba, shukeni wodini

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, huu mwaka wa 11, hospitali sitaitaja ila ni hapahapa Dar.

Kuna mashine kila wiki naifungua, konsentreta ya oksijeni. Kwa asiyeijua, inavuta hewa hii tunayovuta wote ambayo oksijeni yake ni kama asilimia 21 tu, inaipitisha kwenye mitungi midogo yenye chembechembe za zeolaiti zinazokamata naitrojeni, upande wa pili inatoka oksijeni ya asilimia 90 na kitu. Sasa zeolaiti na unyevunyevu haviivi chungu kimoja, na hewa ya Dar mnaijua ilivyo nzito, hapo vumbi limeganda kwenye chujio mpaka limekuwa kama blanketi. Mashine inawaka, inanguruma vizuri tu, viputo vinatoka kwenye kile kichupa cha maji, sista anaamini mgonjwa anapata, kumbe kinachotoka kimeshashuka chini ya asilimia 82 ambayo WHO wanasema ndo kiwango cha chini.

Akaja kijana wa field kutoka chuo kimoja, akaliona hilo, akarudi chuoni akatengeneza kidude unachomeka kwenye mpira wa oksijeni, ikishuka kinapiga kelele. Waya na vikorokoro vingine nilizunguka nae Kariakoo jua kali tukitafuta. Tukakijaribu kwenye mashine tatu, mbili zikaonekana hazifai, na zote mbili zilikuwa wodini zinatumika! Sikulala vizuri siku ile.

Kijana akafanya prezentesheni, akapata maksi zake nzuri, akahitimu. Kidude kikabandikwa namba kikafungiwa kwenye kabati la idara. Nilienda kukiulizia mara ya kwanza profesa yupo semina, mara ya pili nikaambiwa ameshahamia mradi mwingine, mara ya tatu nikaambiwa niandike barua.

Ndo maana nasema tatizo sio akili za vijana, tatizo ni anayewaongoza. Mkuu wa utafiti wa vifaa tiba chuoni akipimwa kwa pepa alizochapisha tu, atachapisha pepa, na kabati litazidi kujaa. Huyu mtu inabidi amjue sista wa zamu ya usiku, amjue fundi, na mwanafunzi akihitimu yeye ndo abaki na kile kitu mkononi mpaka kifike wodini.

Tena sio mambo ya ndotoni. Mwaka 1957 umeme ulikatika Minneapolis kule Marekani, na mashine za kusukuma mapigo ya moyo za watoto waliopasuliwa zilikuwa zinachomekwa ukutani, mtoto mmoja akafariki. Daktari bingwa wa chuo kikuu cha Minnesota, Lillehei, hakuitisha kamati, alimfuata Earl Bakken, fundi aliyekuwa anatengeneza vifaa vya hospitali na karakana yake ipo gereji, akamwambia nataka ya betri. Kama wiki nne tu ikapatikana, akaitumia kwa mgonjwa. Sisi ambao umeme kukatika ni habari ya kila siku ndo tulitakiwa tuwe mbele kwa hilo! Na hapa jirani Malawi, mashine ya kuwasaidia vichanga kupumua ilianzia kwa wanafunzi wa Rice, chuo kikuu cha Marekani, waliunganisha pampu za tenki la samaki ndani ya boksi la plastiki la viatu, walimu wao wakaishikilia mpaka ikafanya kazi na madaktari na manesi wa hospitali ya Queen Elizabeth pale Blantyre.

Ombi langu kwa vyuo, kabla hamjampandisha mtu kuwa mkuu wa idara hiyo muulizeni ni kifaa gani cha wanafunzi wake kinatumika leo na kipo wodi gani. Na yule profesa akisoma hapa, namba ya kile kidude ninayo, nipo tayari kuja kukichukua hata kesho baada ya zamu, betri nitanunua mwenyewe.

Fundi wa vifaa tiba,
Mbagala, Dar es Salaam